Waliopanua Roma Hawakuwa Makaisari

Ndugu mwenyekiti, walimu wenzangu, na ninyi wanafunzi mliojazana huko nyuma hadi madirishani: asalaam aleikum, na shikamooni wakubwa zangu. Nimepewa mada ya watawala wa Roma na mipaka yao, na nimeonywa nisipitishe saa moja. Roma ya kale ilidumu zaidi ya miaka elfu, kwa hiyo mtanisamehe nikiruka mengi na kung'ang'ania jambo moja.

Jambo lenyewe ni hili. Ramani tunayoichora ubaoni ni ile ya mwaka 117 BK, zama za Kaisari Trajan. Ina rangi moja kuanzia kaskazini ya Uingereza hadi Iraki, na kutoka ng'ambo ya mto Danube hadi kusini ya Aswan. Mwanafunzi akiitazama huamini kwamba makaisari ndio waliojenga milki ile, kila mmoja akiongeza kipande chake. Sivyo. Italia, Sisilia, sehemu kubwa ya Hispania, Ugiriki, pwani ya Tunisia, magharibi ya Uturuki, Shamu na Ufaransa yote vilikuwa mikononi mwa Roma kabla haijawa na kaisari hata mmoja. Walioviteka ni watu waliochaguliwa kwa kura na kupewa madaraka ya mwaka mmoja. Makaisari walipokuja, kazi yao kubwa, ukiwatoa wachache, ilikuwa kuwazuia majemadari wasiendelee.

Kwa nini? Hilo ndilo swali langu la leo.

Warumi wenyewe waliuhesabu mji wao tangu 753 KK na wakataja wafalme saba. Habari za wafalme hao zimechanganyika na ngano, nami sitakaa nazo. Wa mwisho, Tarquinius, alifukuzwa mwaka 509 KK kwa mapokeo yao, na mahali pake wakaweka makonsuli wawili. Walichaguliwa kila mwaka, na kila mmoja aliweza kumzuia mwenzake. Shabaha ilikuwa kwamba asitokee tena mtu mmoja wa kuishika nchi. Dawa hiyo ya kuzuia ufalme ndiyo iliyozaa vita visivyokwisha.

Hebu mfikirieni konsuli. Amesubiri hadi umri wa miaka arubaini na kitu, ametumia mali ya baba yake na mikopo juu yake ili achaguliwe, na sasa ana miezi kumi na miwili. Hawezi kujenga bandari kwa miezi hiyo, wala hakuna atakayemkumbuka kwa kuhukumu kesi vizuri. Lakini akipata vita, na akishinda, seneti inaweza kumpa gwaride la ushindi. Anapanda gari la farasi wanne, uso umepakwa rangi nyekundu, mateka wanatembezwa mbele yake kwa minyororo, mji mzima uko njiani, hadi kwenye hekalu la Jupiter juu ya kilima cha Capitolium. Jina lake linachongwa kwenye marumaru, na wajukuu zake watagombea kwa jina hilo. Mwakani anakuja mwingine mwenye njaa ileile.

Mwendo ulianza polepole mno. Mwaka 396 KK, zaidi ya karne moja baada ya wafalme kuondoka, Roma ilikuwa inasherehekea kuuteka Veii, mji ulio umbali wa kilomita kama 16 tu. Miaka michache baadaye Wagali wakashuka kutoka kaskazini na kuupora mji wa Roma wenyewe. Mtu aliyeishi wakati huo hangeweka hata senti moja kwenye ubashiri kwamba mji huu ungetawala dunia yake.

Mgeuko ulikuja 338 KK, na napenda mwaka huu ujulikane kuliko ile miaka ya vita vikubwa. Roma ilikuwa imewashinda majirani zake Walatini. Haikuwaua wala haikuwatoza ushuru wa mwaka. Wengine iliwapa uraia kamili, wengine uraia usio na kura, wengine wakabaki washirika kwa mkataba. Walichodaiwa washirika ni vijana wa kupigana. Angalieni ujanja uliomo humo, hata kama hakuna aliyeukusudia. Ukimdai jirani yako nafaka, utaipokea hata ukikaa nyumbani. Ukimdai askari, deni hilo halilipwi mpaka uende vitani. Roma iliyokaa kwa amani ilikuwa haipati chochote kutoka kwa washirika wake, na Roma iliyokwenda vitani ilipata jeshi la nusu bei. Tena washirika walipewa sehemu ya nyara, kwa hiyo walioshindwa jana walikuwa na hamu ya vita vya kesho.

Polybius, Mgiriki aliyeletwa Roma kama mateka na akaishia kuwa mwanahistoria wake, anatoa hesabu ya mwaka 225 KK: watu wa miguu kama 700,000 na wapanda farasi kama 70,000, Warumi na washirika pamoja, ambao wangeweza kushika silaha. Hannibal, jemadari wa Carthage, mji adui wa Roma huko Tunisia ya leo, aliingia Italia miaka saba baadaye. Huko Cannae, mwaka 216 KK, aliliangamiza jeshi la Kirumi kwa mchana mmoja, na tegemeo lake lilikuwa kwamba washirika wangelikimbia zizi. Wengine walikimbia kweli, Capua ikiwa ya kwanza kwa ukubwa. Walatini, kwa jumla, walibaki. Mwaka 201 KK Carthage ikaomba amani, na mwaka 146 KK ikachomwa moto. Mwaka huohuo Korintho ikabomolewa.

Hapa nisimame kidogo, maana tunapofundisha habari hizi huwa tunazipamba. Mwaka 167 KK, vita vya Makedonia vilipokwisha, seneti iliruhusu jeshi lipore Epirus, upande wa kaskazini-magharibi ya Ugiriki. Miji 70 iliporwa, na watu 150,000 wakauzwa utumwani. Mwaka huohuo hazina ya Roma ilifurika kiasi kwamba raia wake waliacha kulipa kodi ya vita, na hawakuilipa tena kwa zaidi ya miaka mia. Yawekeni bega kwa bega mambo hayo mawili mnapofundisha. Raia wa kawaida pale Roma, fundi wa viatu au muuza samaki, alikuwa na sababu mfukoni ya kumpigia kura mtu wa vita.

Karne ya mwisho kabla ya makaisari tamaa hiyo ikavuka mpaka. Jemadari Pompey alirudi kutoka mashariki akafanya gwaride la siku mbili, mwaka 61 KK, baada ya kuifanya Shamu kuwa jimbo na kuingia Yerusalemu. Mwaka uleule Julius Caesar alikuwa anajaribu kuondoka mjini kwenda kutawala Hispania, na wadai wake wakamzuia asitoke. Crassus, tajiri wa matajiri, akamdhamini kwa talanta 830 ndipo wakamwachia. Mtu wa namna hiyo ukimkabidhi mpaka wa Ugali, yaani nchi ya Wagali, Ufaransa ya leo, na majeshi, unategemea afanye nini? Alipigana huko kuanzia 58 KK, akavuka mto Rhine, akavuka bahari kwenda Uingereza mara mbili, na Plutarch anasema waliouawa walifika milioni moja na mateka milioni nyingine. Hata ukiipunguza hesabu hiyo nusu, bado inatisha. Mwaka 49 KK akaligeuza jeshi hilohilo juu ya Roma. Crassus naye, aliyewaonea gere wenzake wawili, alikwenda kuitafuta sifa yake kwa Waparthi, watawala wa Uajemi, akauawa huko Carrhae mwaka 53 KK pamoja na maelfu ya askari wake.

Sasa ndugu zangu, hili ndilo somo alilolisoma Augustus, kaisari wa kwanza, akiwa kijana: jemadari mwenye ushindi mpakani ni hatari kubwa kuliko adui aliye ng'ambo ya mpaka. Yeye mwenyewe alipanda kwa njia hiyo, na aliposhika kila kitu baada ya vita vya Actium vya 31 KK, aliamua asimwachie mtu mwingine njia hiyohiyo.

Msinielewe vibaya. Augustus aliteka sana. Misri aliichukua 30 KK, akamaliza Hispania, milima ya Alps, na nchi zote hadi Danube. Lakini tazameni aliwatuma akina nani: Agrippa mkwewe, Tiberius na Drusus watoto wake wa kambo. Vita vikubwa vilikuwa mambo ya nyumbani. Misri, ghala la ngano, hakumpa seneta hata mmoja. Seneta alikatazwa hata kukanyaga huko bila ruhusa. Liwali wa kwanza alikuwa Cornelius Gallus, mshairi na askari wa cheo cha chini kidogo. Gallus akasahau nafasi yake. Akachongesha jiwe huko Philae kwa lugha tatu, akijisifu kwamba amelipeleka jeshi mahali ambapo hapakufikiwa na Warumi wala wafalme wa Misri. Akasimamisha sanamu zake kila upande, akaandika matendo yake hadi kwenye piramidi. Akarudishwa Roma, akashtakiwa, akajiua. Mwaka 19 KK Cornelius Balbus aliandaliwa gwaride kwa kuwashinda Wagaramanti wa jangwa la Libya. Ile orodha ya magwaride iliyochongwa kwenye marumaru inaishia na jina lake. Baada ya Balbus hakuna mtu wa nje ya familia ya kaisari aliyepewa gwaride kamili tena. Ile zawadi iliyowasukuma makonsuli kwa miaka mia nne iliondolewa mezani.

Upande wa bara letu, mpaka wa Roma ulikutana na kizuizi ambacho vitabu vyetu havikitaji vya kutosha. Miaka ya 20 KK, wakati jeshi la Misri lilikuwa limepunguzwa ili likajaribu bahati Arabuni, Wakushi, watu wa ufalme wa Kushi katika Sudan ya leo, walishuka Mto Nile wakaiteka Aswan, Elephantine na Philae, wakaondoka na sanamu za Augustus. Liwali Petronius akawafuata hadi Napata, akaupora mji, akaacha askari 400 kwenye ngome ya Primis. Malkia wa Kushi, ambaye Strabo, mwanajiografia Mgiriki wa zama hizo, anamwita Kandake na kumweleza kuwa mwanamke shupavu mwenye jicho moja, akarudi na jeshi kubwa. Wanahistoria wengi humtambua kuwa ni Amanirenas. Mwisho wajumbe wa Kushi walikwenda hadi kisiwa cha Samos kuonana na Augustus mwenyewe, akawapa walichoomba, na ushuru aliokuwa amewawekea akaufuta. Mwaka 1910 wachimbaji waliokuwa wakifukua Meroe walikikuta kichwa cha shaba cha Augustus kimezikwa chini ya kizingiti cha hekalu, ili kila anayeingia amkanyage kichwani. Leo kimehifadhiwa London, macho yamekodoka vilevile. Mimi nikiulizwa mpaka gani wa Roma uliwekwa kwa mazungumzo ya heshima, nautaja huu.

Na zaidi ya hapo kusini hakukuwa na askari, kulikuwa na wafanyabiashara. Strabo anasema katika siku zake merikebu 120 ziliondoka kwa mwaka bandari ya Myos Hormos kwenda India. Karne ya kwanza BK baharia mmoja wa Misri, aliyeandika kwa Kigiriki na hakuacha jina lake, alieleza pwani yetu akaiita Azania, na soko la mwisho akalitaja kuwa Rhapta. Wanaakiolojia bado wanabishana Rhapta ilikuwa wapi, wengi wakiitafuta kwenye pwani ya Tanzania. Zililetwa shoka, mikuki, visu na vitu vya kioo. Zikaondoka pembe za ndovu, pembe za faru na magamba ya kasa. Waliosimamia biashara hiyo hawakuwa Warumi. Walikuwa watu wa Muza, huko Yemeni, ambao manahodha wao, anasema baharia yule, waliwajua wenyeji, walioa kwao na walisema lugha yao. Pembe ya ndovu kutoka huku ilifika meza ya tajiri wa Roma bila liwali yeyote wa Kirumi kuuona Mrima. Hilo nalo lafaa mtu alifikirie anapoitazama ile ramani yenye rangi moja.

Turudi kaskazini. Mwaka 9 BK, kwenye msitu wa Teutoburg huko Ujerumani, liwali Varus aliingizwa mtegoni na Arminius, Mjerumani aliyekuwa raia wa Roma na aliyewahi kulitumikia jeshi lake. Legioni tatu, yaani vikosi vikubwa vya jeshi la Roma, zikafutika kwa siku chache, na namba zake, 17, 18 na 19, hazikutumika tena. Suetonius anasimulia kwamba mzee Augustus alikuwa akigonga kichwa mlangoni akilia, Varus, nirudishie majeshi yangu. Alipofariki mwaka 14 BK aliacha maandishi yenye hesabu ya askari na mapato, na ushauri kwamba milki isivuke mipaka iliyopo. Tacitus, aliyeandika karne moja baadaye, anaongeza kwa sumu yake ya kawaida: haijulikani kama ni kwa hofu au kwa wivu.

Tiberius aliushika wosia huo kwa mikono miwili. Mwaka 16 BK alimrudisha nyumbani Germanicus, mtoto wa nduguye, akiwa anaamini bado mwaka mmoja tu aimalize Ujerumani. Claudius alikuja 41 BK, kiwete aliyechekwa na jamaa zake, akiwekwa kitini na walinzi wa ikulu. Alihitaji ushindi wa kujifunikia. Mwaka 43 BK majeshi yakavuka kwenda Uingereza chini ya Aulus Plautius, na Plautius akaagizwa kwamba kukiwa kugumu asubiri kaisari aje. Claudius akaja na tembo, akakaa siku 16, akarudi Roma na gwaride lake. Wachache waliwahi kupata sifa kwa muda mfupi hivyo.

Lakini mwaka 47 BK kaisari huyohuyo alipopata habari kwamba Corbulo, jemadari hodari kuliko wote wa zama zake, amevuka Rhine na anasonga mbele, alimwandikia arudi. Corbulo alisoma barua akiwa tayari anajenga kambi kwenye ardhi ya adui. Alitii. Alilosema, kwa simulizi ya Tacitus, ni kwamba walikuwa na raha makamanda wa Roma wa zamani. Ndani ya maneno hayo machache imo hotuba yangu nzima, na ningeweza kukaa chini sasa hivi. Utiifu haukumsaidia. Miaka ishirini baadaye Nero alimwamuru ajiue.

Mwaka uliofuata barua ile, 48 BK, Claudius alisimama katika seneti kuwatetea wakuu wa Ugali waliotaka kuwa maseneta. Wakubwa wa Roma waliguna: wajukuu wa watu waliotuzingira zamani, leo wakae nasi? Akawajibu kwamba Sparta na Athene ziliangamia pamoja na nguvu zao kwa sababu ziliwatenga walioshindwa kama wageni. Shaba iliyochongwa hotuba hiyo ilipatikana Lyon mwaka 1528. Mpaka wa ardhi ulisimama. Mpaka wa uraia ukazidi kusogea. Mnamkumbuka Mtume Paulo, Myahudi wa Tarso, alivyowashtua askari waliotaka kumpiga mijeledi kwa kuwaambia ni Mrumi wa kuzaliwa.

Trajan ndiye anayeonekana kunipinga, na sitamkwepa. Alizaliwa Italica, Hispania, akawa askari kwanza na kaisari baadaye. Alijenga daraja la zaidi ya kilomita moja juu ya Danube, kazi ya Apollodorus wa Dameski, akaimaliza Dacia, Romania ya leo, mwaka 106 BK, na dhahabu ya huko ikalipia michezo ya siku 123. Mwaka huohuo liwali wake Cornelius Palma akaitwaa Arabuni ya Petra. Kisha akaingia Mesopotamia mwenyewe, akafika Ghuba ya Uajemi, akaiona merikebu inakwenda India akasema angelikuwa kijana angelivuka. Nyuma yake nchi alizoziteka zilikuwa tayari zinaasi. Alifariki 117 BK njiani kurudi. Lakini mtazameni vizuri: Trajan aliongoza vita vikubwa yeye mwenyewe, kichwani mwa jeshi. Kaisari anayetaka kuteka ilimbidi aende, kwa sababu hakuweza kumtuma mtu mwingine akalala usingizi.

Mrithi wake Hadrian aliirudisha Mesopotamia karibu mara tu alipoanza, na tangu 122 BK akajenga ukuta wa kilomita zipatazo 117 kukatiza Uingereza. Hayo tunayafundisha. Tusilolifundisha ni kwamba mwanzoni mwa utawala wake waliuawa watu wanne waliokwisha kuwa makonsuli, naye akaapa kwamba hakuagiza yeye. Mmoja alikuwa Palma, yule wa Arabuni. Mwingine alikuwa Lusius Quietus, Mmoor wa Mauretania aliyeongoza wapanda farasi wa Trajan. Majemadari wa upanuzi waliondolewa pamoja na upanuzi wenyewe.

Septimius Severus, mzaliwa wa Leptis Magna katika Libya ya leo, aliurudia mchezo mwishoni mwa karne ya pili. Akaisogeza ngome kusini kuelekea jangwani na akaiteka tena Mesopotamia ya kaskazini. Cassius Dio, seneta aliyeishi wakati huo, anasema waziwazi kwamba jimbo hilo liliingiza kidogo, likala fedha nyingi, na likaleta vita visivyokwisha. Severus alifia York mwaka 211 BK, akiwaachia wanawe ushauri kwamba wapatane, wawatajirishe askari, na wengine wote wawadharau. Mwanawe mkubwa, Caracalla, alimuua mdogo wake, kwa hiyo la kwanza hakulishika; la pili alilishika sana. Mwaka 212 BK akawapa uraia karibu watu wote huru wa milki, na Dio anasema ni ili apate kodi zaidi.

Kisha kile alichokiogopa Augustus kikatokea. Kati ya 235 na 284 BK walipita makaisari zaidi ya 20, wengi wao wakipandishwa na majeshi ya mpakani na kuuawa na majeshi hayohayo. Valerian alikamatwa hai na Shapur wa Uajemi mwaka 260 BK. Aurelian akaiacha Dacia. Diocletian, aliyekuja kuituliza nchi, aliyakatakata majimbo hadi yakakaribia mia moja ili asiwepo liwali mwenye jeshi la kutosha kumwasi.

Mwaka 298 BK Diocletian alifika kusini ya Misri, kwenye mpaka uleule uliokubaliwa na Wakushi. Mwanahistoria Procopius anaeleza alichokikuta: kipande cha ardhi chembamba kando ya mto, kisichotoa kodi ya maana, na askari wengi wanaokilinda kwa gharama. Akauvuta mpaka nyuma hadi karibu na Philae, akawapa Wanobati, kabila la jirani, ile ardhi, akaahidi kuwalipa wao na kabila jingine la Wablemi dhahabu kila mwaka ili wasivamie. Procopius aliandika hayo zaidi ya miaka 200 baadaye, na anasema dhahabu hiyo ilikuwa bado inalipwa.